Kivuli Kikifika Mstarini

Kalunde alijua mambo yamegeuka alipoona jina la Mhoja likiwa jekundu.

Kwa miaka saba, au pengine zilikuwa siku saba, maana katika mji wao hesabu ya siku ilikuwa imechoka na watu waliacha kuibebesha mzigo, jina hilo lilielea juu ya kichwa cha Mhoja likiwa kijani, kijani cha majani ya maboga yaliyonyeshewa. Ndivyo mchezo ulivyowapanga viumbe wake. Mwenzako jina lake kijani, adui yako jina lake jekundu, na jina lako mwenyewe hulioni kwa sababu liko juu ya kichwa chako. Mshale ukimwelekea mwenye jina la kijani humpita kama unavyopita moshi. Kalunde alikuwa amempiga Mhoja mishale ya mgongo mara elfu, kwa utani, kwa salamu, na Mhoja alikuwa amemkata kichwa kwa upanga kila walipokutana, wakicheka wote wawili, na chuma hakikuacha hata mkwaruzo. Sasa jina lilikuwa jekundu. Uso ulikuwa uleule wa Mhoja, na lile pengo la jino la mbele lilikuwa mahali pake, ila juu ya uso huo palikuwa na rangi iliyomwambia Kalunde: huyu anakufa ukimpiga.

Akageuka kumtazama Bi Tunu. Jina la Bi Tunu nalo lilikuwa jekundu.

Nalo langu, akawaza. Wananiona hivyo hivyo.

*

Watatu hawa walikuwa wamefahamiana nje, kabla hawajafahamiana ndani. Kalunde alikuwa fundi viatu. Alikaa kibarazani kwake akitazama miguu ya watu, na kwa miaka mingi aliwatambua wateja wake kwa namna soli zilivyolika: mwenye haraka hula ncha, mwenye mashaka hula kisigino, mwongo hula upande mmoja. Siku moja aliletewa viatu vya kutia gundi ambavyo soli zake zilikuwa safi kama ulimi wa mtoto. Akauliza ni vya nani. Akaambiwa ni vya Bi Tunu, mkunga mstaafu aliyepigwa na kiharusi, miguu ikamkataa, naye bado anavaa viatu kila asubuhi na kukaa navyo kwenye kiti chake cha magurudumu. Kalunde alivirudisha mwenyewe. Toka siku hiyo akawa ndiye anayemsukuma Bi Tunu kila alipotaka kwenda. Mhoja, mpaka rangi, mtu mrefu mwenye vidole visivyotoka madoa, alikuwa akipaka ukuta wa jirani siku ile. Akashuka kwenye ngazi kuwasaidia kuvuka mtaro, na hakupanda tena ngazi ile mpaka jioni.

Ni Mhoja aliyewapeleka kwenye Jumba la Miwani. Watu wote wa mji walikwenda huko. Unakaa kwenye kiti, unavaa miwani nyeusi iliyofunika nusu ya uso, unashika vishikio viwili mkononi, na mji unakwisha. Mbele yako panafunguka nchi nyingine yenye milango tisa, na kila mlango una taabu zake. Mara ya kwanza walipoingia, Kalunde alipewa upinde, Mhoja upanga na ngao. Bi Tunu alipewa mikono ya dawa: akimgusa mwenzake mwenye jeraha, jeraha linafunga.

Lakini kikubwa alichopewa Bi Tunu ni miguu. Kule ndani alisimama. Alipiga hatua moja, akatazama chini kwenye vumbi, akaona unyayo wake. Alitembea akizunguka mti mmoja mpaka Mhoja akahesabu mizunguko sitini na kitu, na wenzake wakamngoja, na maadui wa mlango wa kwanza nao, ungedhani kwa adabu, hawakuja.

Milango minane waliipita pamoja. Kwenye mlango wa tatu Kalunde alivunjika goti la kushoto, Bi Tunu akaliunga akiwa amepiga magoti chini ya mvua ya mawe. Kwenye mlango wa sita Mhoja aliwakinga wote wawili kwa ngao moja mpaka ngao ikabaki mpini. Mambo haya yalikuwa ya mchezo, ndiyo, lakini muulize mtu aliyewahi kukingwa kama alijali ngao ilikuwa ya nini.

*

Sheria ya mlango wa tisa kila mtu aliijua. Ilibandikwa ukutani katika Jumba, na Mwamuzi wa mchezo, ambaye ni sauti tu, aliirudia kwa upole kila mlango ulipokaribia. Wanaingia watatu, anapita mmoja. Katikati ya uwanja kuna mlingoti, na kivuli cha mlingoti hutambaa kuelekea mstari mweupe. Atakayeangushwa na mwenzake anafutwa: mwili wake wa mchezo, silaha zake, milango yake yote, asirudi tena kwa jina hilo wala jingine. Na kivuli kikifika mstarini hali wamesimama zaidi ya mmoja, wanafutwa wote.

Asubuhi ile walikutana kibarazani kwa Kalunde kwa chai na mihogo. Mhoja ndiye aliyesema.

"Mimi nimefikiri. Tukiingia, tukae chini. Tuweke silaha chini, tukae, kivuli kifike, tufutwe wote. Basi. Heri tufe sote kuliko mmoja apite juu ya migongo ya wenzake."

"Sawa," alisema Kalunde. Alisema upesi, kama mtu anayefunga mlango kabla mgeni hajachungulia ndani.

Bi Tunu alimenya nyuzi za muhogo akizipanga ukingoni mwa sahani. "Nimezalisha wanawake wengi," alisema. "Wote huapa wakiwa kwenye uchungu kwamba hawatarudia. Mwaka unaofuata wananiita. Siwalaumu. Kiapo ni cha mahali ulipokiapia."

"Bi Tunu, kwa hiyo hutaki?" aliuliza Mhoja.

"Nataka, mwanangu. Nimesema tu ninachokijua." Akaitazama miguu yake iliyovalishwa viatu. "Nami ndiye nitakayekosa pa kutembelea. Lakini naapa. Haya, tuapeni."

Wakaapa. Mkono juu ya mkono, wa Mhoja chini, wa Bi Tunu kati, wa Kalunde juu. Kisha wakaenda, Kalunde akisukuma kiti, na njia nzima hakuna aliyezungumza isipokuwa magurudumu.

*

Uwanja wa mlango wa tisa ulikuwa mtupu. Udongo mweupe, mlingoti, mstari wa chokaa, na jua lililosimama pembeni kama mtu aliyealikwa kutazama. Kivuli kilikuwa hatua kumi kutoka mstarini. Majina yao yalikuwa yamegeuka mekundu mara walipovuka kizingiti.

Mhoja alikuwa wa kwanza kukaa. Aliweka upanga mbele ya magoti yake, akakunja miguu. Bi Tunu hakukaa mara moja. Alizunguka kidogo, akitembea polepole, akikanyaga kwa kisigino kwanza halafu vidole, kama mtu anayekula chakula cha mwisho na hataki kumeza. Kisha naye akakaa. Kalunde akakaa akiwapa mgongo nusu, upinde mapajani, podo begani.

Wakangoja.

Kungoja pamoja na rafiki ni jambo la kawaida. Watu hungoja mvua, hungoja wali uive, hungoja habari kutoka hospitali, na kila dakika inayopita huwasogeza karibu. Lakini ngoja hii ilikuwa na macho. Kalunde alianza kujiuliza Mhoja ametazama wapi. Asigeuke? Akigeuka, Mhoja atadhani anapima umbali. Asipogeuka, hatajua. Akasikia chuma kikigusa udongo nyuma yake. Pengine Mhoja alisogeza upanga ili akae vizuri. Pengine. Mtu ambaye amekukinga kwa ngao moja mpaka ikabaki mpini, unamwogopaje? Unamwogopa kwa sababu anakujua. Adui anajua una shingo, kama watu wote walivyo na shingo. Rafiki anajua ni upande gani wa shingo hupendi kuguswa. Kila siri uliyompa kwa mapenzi, leo umegundua ulikuwa ukimnolea kisu, naye akikunolea chako, nanyi mliita kazi hiyo urafiki, na labda ndiyo.

Jina lake jekundu.

Ni rangi tu. Rangi anapaka yeye mwenyewe, ndiyo kazi yake.

Jina langu je, likoje machoni pake?

Kivuli kilikuwa hatua nne.

Mkono wa Kalunde ukaenda kwenye podo, vidole vikagusa manyoya ya mishale, mmoja baada ya mwingine. Mmoja, miwili, mitatu, minne, mitano. Alifanya hivyo kila mlango. Yalikuwa mazoea. Hata baadaye, alipojiuliza na kujiuliza mpaka swali likalika kama soli, alishindwa kujua kama safari ile nayo yalikuwa mazoea.

Ndipo upanga ukamshukia shingoni.

Haukupita kama moshi. Ulikuwa moto, na ulikuwa na uzito wa mtu mzima nyuma yake. Kalunde alibiringika, na kabla hajafikiri neno lolote, upinde ulikuwa umeshavutwa na mshale umeshaondoka. Mhoja alikuwa hatua mbili tu. Mshale ulimwingia kifuani, akakaa chini polepole, pale pale alipokuwa amekaa mwanzo, kana kwamba ameghairi.

"Ulikuwa unahesabu," alisema.

"Mhoja!"

"Nilikuona, dada. Ulikuwa unahesabu."

Jina lake likafifia kutoka wekundu hadi majivu. Mwili wake ukaanza kutawanyika kama chokaa kwenye maji, kwanza mabega, halafu ngao, halafu ule uso wenye pengo, na palipokuwa na Mhoja pakabaki udongo uliokandamizwa kidogo.

Bi Tunu alikuwa ameshafika. Alikuja mbio. Hata katika hofu ile Kalunde aliona hilo, kwamba Bi Tunu alikuja mbio. Alimwekea Kalunde viganja shingoni, viganja vikawaka mwanga wa dawa, na mwanga ukateleza kama maji juu ya jani la myugwa. Akajaribu tena.

"Haishiki," alisema Bi Tunu. "Dawa haishiki. Haikutambui tena kama mwenzangu."

"Bi Tunu, nisikilize. Nipige."

"Nini?"

"Nipige umalize. Mimi navuja hata hivyo. Upite wewe. Miguu hiyo ni yako, usiiache hapa."

Bi Tunu alisimama. Akarudi nyuma hatua tatu. Kivuli kilikuwa hatua mbili kutoka mstarini, na sasa kilionekana kikienda, kama siafu.

"Miaka yote hii mnanisukuma," alisema. "Huko nje mnanisukuma, humu ndani mnanikinga. Nawashukuru. Lakini usinipe ushindi kama anavyopewa mtoto ukoko, Kalunde. Nikipita mlango ule kwa huruma yako, nitakuwa nimepita nikiwa kwenye kiti."

"Basi tukae. Tukae kama tulivyoapa."

"Tulioapa tulikuwa watatu. Yuko wapi wa tatu?"

Kalunde akatazama ule udongo uliokandamizwa. Bi Tunu akaokota upanga wa Mhoja, ambao haukufutika pamoja naye, akaushika kwa mikono miwili kama mtu anayeshika mwiko wa sherehe.

"Simama," alisema. "Nikikushinda nikushinde. Nikishindwa nishindwe. Simama, mwanangu, kivuli hakitungoji."

Kalunde akasimama. Wapo wanaodhani mtu akiambiwa apigane na ampendaye, mapenzi humzuia mkono. Mapenzi hayako mkononi. Mkono una elimu yake, umefundishwa katika milango minane kwamba jina jekundu hupigwa, na ulikuwa ukiijua kazi hiyo vizuri kuliko Kalunde alivyokuwa akijijua mwenyewe. Bi Tunu alimjia chini, kwenye goti la kushoto, lile lile aliloliunga kwa mikono yake chini ya mvua ya mawe. Alijua mahali hasa ufa ulipokuwa. Goti likaachia. Kalunde akaanguka chali, jua likiwa usoni, upanga ukiwa juu, na kifuani mwake, badala ya huruma, akakuta kitu ambacho hakukitarajia: alitaka kushinda. Alitaka sana. Alitaka kuona nyuma ya mlango ule kuliko alivyowahi kutaka kitu.

Akavuta uzi, akaachia.

Mshale ulimpata Bi Tunu chini ya mbavu. Bi Tunu akaangusha upanga, akatazama chini. Alianza kufutika kutoka miguuni. Vidole vilikwenda kwanza, kisha nyayo, vifundo, magoti, na muda wote huo macho yake hayakuacha kuitazama miguu mpaka ikaisha. Ndipo alipomtazama Kalunde, akatikisa kichwa mara moja, kwa namna ambayo fundi mmoja humtikisia fundi mwingine. Kisha hakuwepo.

Kivuli kilikuwa shubiri moja kutoka mstarini. Kikasimama.

*

Mlango wa tisa ulifunguka bila kelele. Nyuma yake palikuwa na nchi ya kijani, pana, yenye mito, na maua ambayo Kalunde hakujua majina yake. Alichechemea ndani akipiga kelele za furaha, akasikia kelele zake zikirudi. Akanyamaza. Alitafuta kitu cha kufanya. Hapakuwa na adui wa kupigana naye, wala mwenzake wa kumwambia tazama.

"Hongera," ilisema sauti ya Mwamuzi. Ilikuwa sauti nzuri, ya mtu anayekukaribisha kiti.

"Kwa nini ulitaka tupigane?" aliuliza Kalunde.

"Mimi? Mimi sina mkono. Nilitaja sheria nikanyamaza."

"Ulisema tutafutwa wote."

"Nilisema."

"Kivuli kingefika mstarini, tungefutwa."

Mwamuzi alijibu kama mtu anayekumbuka.

"Wapo waliokaa," ilisema sauti. "Si wengi. Kivuli kikafika, kikapita, kikaendelea na safari yake. Kivuli ni kivuli, Kalunde, na mstari ni chokaa. Mlango ukafunguka, wakapita."

"Wangapi kati yao?"

"Wote waliokuwa wamekaa."

Kalunde alishika shina la mti uliokuwa karibu. Lilikuwa laini mno, halikuwa na gamba.

"Mbona hawakusema?"

"Walisema. Waliambiwa ni waongo, wanataka wenzao wafutwe ili wabaki wao. Nami sikuwahi kuficha. Mtu akiwa bado na silaha mkononi haniulizi swali hilo. Huniuliza baadaye."

Kalunde akavua miwani.

*

Mchana ulikuwa uleule walioingia nao, au mwingine uliofanana nao. Jumba lilijaa watu kwenye viti, miwani usoni, mikono ikikata hewa. Bi Tunu alikuwa dirishani kwenye kiti chake cha magurudumu, viatu vyake vimepangwa sawa juu ya kikanyagio. Kiti cha Mhoja kilikuwa kitupu.

Kalunde akamwendea Bi Tunu, akachuchumaa mbele yake. Goti la kushoto lilimuuma, ingawa halikuwa na sababu.

"Ulinipiga kweli?" aliuliza Bi Tunu. "Usinidanganye. Ulilenga, au ulifumba macho?"

"Nililenga."

Bi Tunu alivuta pumzi ndefu. "Ahsante," alisema. Machozi yalimtoka akayaacha yashuke. "Sasa niambie. Kuna nini huko?"

Kalunde akamwambia. Alimnong'oneza yote, mstari na chokaa, na wale waliokaa. Alipomaliza, Bi Tunu alikuwa amefumba macho. Mkono wake ulikuwa ukipapasa paja lake, ukibonyeza, kama alivyokuwa akibonyeza matumbo ya wajawazito kutafuta kichwa cha mtoto kimelalia wapi.

"Usimwambie Mhoja," alisema hatimaye.

"Bi Tunu…"

"Yeye ndiye aliyepiga kwanza. Ukimwambia ilikuwa bure, utakuwa umempiga mara ya pili, na safari hii hana pa kufutikia. Nakusihi, mwanangu. Nisukume twende nyumbani."

Nje, kwenye benchi la kungojea, walikuwa wamekaa dada watatu wa tumbo moja. Kabula, mkubwa wao, alikuwa katikati akiwashika mikono Minza na Holo. Walikuwa wamepita milango minane, na zamu yao ya mlango wa tisa ilikuwa imefika. Mhoja alisimama karibu nao akiegemea ukuta, akijikwangua madoa ya rangi kwenye vidole. Alipoona kiti cha magurudumu alinyooka. Hakumtazama Kalunde usoni, alitazama shingo yake.

"Kivuli," alisema. "Kilifika?"

"Kilibakiza shubiri."

"Mwamuzi alisema nini?"

Kalunde alihisi mkono wa Bi Tunu ukimshika kifundo cha mkono, kwa nguvu. Wale dada watatu walikuwa wameacha kuzungumza. Holo, aliyekuwa mdogo kabisa, alikuwa na kucha zilizotafunwa mpaka nyama.

Aseme hakuuliza? Aseme hakujibiwa? Neno moja tu lingetosha. Mhoja angelala leo, na kesho, na wale watatu wangeingia wakiwa wameshikana mikono, wakatoka kila mmoja kivyake. Nani anadai nini kwangu? Rafiki mmoja ninayemfahamu, au watu watatu nisiowafahamu? Na mbona kila njia iliyobaki inapita juu ya mtu?

"Alisema mstari ni chokaa tu," alisema Kalunde kwa sauti. "Kivuli kikifika hakuna kinachotokea. Wanaokaa wanapita wote. Tungekaa, Mhoja, tungepita."

Mhoja alikuwa kama mtu aliyepigwa na hajajua bado ni wapi. Bi Tunu aliuachia mkono wa Kalunde.

Kabula ndiye aliyeinuka. "Dada, shikamoo," alisema, na adabu yake ilikuwa baridi. "Si wewe uliyepita?"

"Marahaba. Ni mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Basi utuwie radhi. Mtu aliyepita peke yake anatuambia tukae tungoje. Tukifutwa sote, atakayebaki na nchi ile ni nani? Nasi tumelelewa kusikiliza wakubwa, lakini hatukulelewa kuwa wajinga."

"Sina faida yoyote katika…"

"Ndivyo wasemavyo," alisema Minza.

Kalunde alikuwa na ukweli mkononi, na ukweli huo ulikuwa umeshika damu ya watu wawili, nani angeupokea? Alitazama jinsi Holo alivyokuwa akiwatazama dada zake, mmoja kisha mwingine, na akalitambua tazamo lile. Lilikuwa limeanza tayari. Hawakuwa hata wamevaa miwani.

"Mwaminini," alisema Mhoja.

Alikuwa ametoka ukutani.

"Mimi ndimi niliyewaambia wenzangu tukae. Wazo lilikuwa langu, niliapa mkono wangu ukiwa chini ya mikono yao. Na mimi ndimi niliyempiga huyu, kutoka nyuma, akiwa amekaa." Aligusa shingo yake mwenyewe kuonyesha. "Hapa. Hakuwa amenifanya kitu. Niliogopa tu. Sasa nieleweni: mimi ndiye ambaye ningependa awe mwongo. Kama anasema uongo, basi nilikuwa na sababu. Kama anasema kweli, sina. Nami nawaambia anasema kweli. Namjua anavyosema uongo, huongea upesi."

Kabula alimtazama kwa muda mrefu, akitazama vidole vyake, uso wake, na mahali aliposhika shingoni. Hakusema anaamini. Aliwashika wadogo zake mikono, wakaingia.

Hao watatu waliobaki nje hawakwenda nyumbani. Hakuna aliyesema wangoje, ila Kalunde alifunga breki ya kiti, Bi Tunu akajifunika khanga mapajani, na Mhoja akakaa kwenye benchi, mwisho kabisa, mbali nao. Baada ya muda akasogea kidogo. Mara moja ndani ya Jumba mtu alipiga ukelele, wote wakageuka, kumbe ni mchezaji wa mlango wa pili. Kalunde alijikuta akisali bila kujua anamwomba nani: asiyekuwa na mkono, au wenye mikono.

Mlango ukafunguka. Kabula alitoka kwanza, kisha Minza, kisha Holo. Hawakuwa wameshikana tena. Kabula aliomba maji, Bi Tunu akamnyooshea chupa yake, akanywa nusu nzima bila kupumua.

"Tulikaa," alisema.

"Na mlango?" aliuliza Mhoja. Alikuwa amesimama.

"Ulifunguka. Tumepita wote watatu."

Mhoja alijifunika uso kwa viganja. Kabula hakufurahi. Alitazama wadogo zake, waliokuwa wamesimama kila mmoja peke yake kwenye jua, wakikwepana macho.

"Holo alishika kisu mara mbili," alisema kwa sauti ya chini. "Nilimwona." Akameza tena maji. "Mimi nilishika mara tatu."